Hakuna Aliyemwuliza Pepo

Katika mji ule mtu hakuruhusiwa kuchoka. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa wala bango lililobandikwa. Lilikuwa jambo ambalo kila mtu alilijua kama anavyojua kwamba moto unaunguza. Ijumaa iliondolewa kwanza, ikafuata Jumapili, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa zikiwafundisha watu kukaa. Baadaye ikaonekana kwamba hata siku zilizobaki zinazubaazubaa, zinawakumbuka wenzao waliokwenda, nazo zikavuliwa majina. Ikabaki Siku. Ukimwuliza mtu alizaliwa lini, atakwambia Siku. Harusi lini? Siku. Umri nao ukalegea kama kamba ya kitanda cha zamani; watu wakaacha kujua wana miaka mingapi, na Bi Mashavu, ambaye habari hii ni yake, mara nyingine alijitazama katika maji ya beseni akajiona ni msichana, mara nyingine akajiona ni mama yake mwenyewe, na mara zote mbili alijiona ana nguo mbichi mikononi.

Kazi yake ilikuwa kufua mapazia ya Jumba. Jumba lilisimama kilimani, lina madirisha mengi kuliko vyumba, na hakuna aliyepata kumwona anayekaa ndani. Walioonekana ni watumishi wake tu, nao walisema "Jumba limependa", "Jumba limekataa", kama kwamba chokaa na mawe vina ulimi. Mapazia yaliteremka machafu, yakapanda meupe, na kabla mikono ya Bi Mashavu haijakauka mengine yalikwisha kuteremka. Hakuwahi kujiuliza mapazia hayo yanaficha nini. Kujiuliza kunahitaji mtu asimame kidogo, na yeye hakuwa na pa kusimama.

Binti yake, Sikudhani, ndiye aliyekuwa sauti ya mji. Kila asubuhi alipanda kwenye chumba cha vipaza sauti akasoma matangazo: wapi kunachimbwa, wapi kunajengwa, nani anatakiwa wapi. Alimalizia kwa maneno yaleyale, "Mji haujachoka," na kwa uzuri wa sauti yake watu walinyoosha migongo wakaamini. Halafu, katika Siku isiyo na tofauti na Siku nyingine, alifika kwenye maneno yale akanyamaza. Mji mzima ulimsikia akihema ndani ya vipaza sauti. Kisha ikatoka sauti nyingine, nzito, ya taratibu, kama ya watu wengi wanaotumia koo moja. Ikasema:

"Tumechoka."

Basi. Neno moja tu. Waliobeba mizigo wakatua. Mwanamume mmoja sokoni akaketi juu ya magunia yake akalia, na mwenyewe hakujua analilia nini. Mama mmoja akamwacha mtoto anyonye mpaka atosheke. Ikabidi kengele ya Jumba ipigwe, tena ipigwe sana, ndipo watu wakaona haya, wakaokota walivyovitua.

Sikudhani alibebwa mpaka kwao. Tangu hapo alikuwa amelala ukumbini juu ya kitanda cha kamba, macho wazi, hafumbi wala hapepesi. Kila alipoguswa, sauti ile ilisema neno lile. Watumishi wa Jumba wakaja, wakamtazama, wakasema ana pepo. Hilo peke yake halikuwatisha watu. Mambo ya pepo yalijulikana pale tangu enzi za mababu. Kilichotisha ni dawa yake, maana Jumba lilikuwa na dawa moja tu: kumpunga mgonjwa mpaka pepo atoke asirudi tena. Bi Mashavu aliwajua waliopungwa. Faki, mtoto wa jirani yake Bi Kidawa, alikuwa mmojawapo. Kijana aliyekuwa mcheshi, mpenda kubishana, hodari wa karata. Alipopungwa alirudi mwepesi, anatabasamu, anabeba mawe ya watu wanne. Alipita mbele ya nyumba ya mama yake kila Siku akamwamkia, "Shikamoo, mama," kwa sauti ileile aliyowaamkia wanawake wote wa njia nzima.

Lakini Jumba lilikuwa na adabu zake. Halikumpunga mtu kabla mzazi wake hajaridhia, na mzazi hakuulizwa kama ameridhia kabla hajaonyeshwa filamu. Ilikuwa filamu ya kutisha, ya msichana aliyepandwa na pepo, na namna alivyopungwa. Mzazi aliitazama mpaka mwisho, kisha akatakiwa kutoa maoni. Akisema nzuri, basi ameridhia.

"Nenda, shoga yangu," Bi Kidawa alimwambia siku alipoitwa. "Mimi nitakaa na mtoto."

"Wewe ulisemaje, Kidawa, ulipoonyeshwa?"

Bi Kidawa alikuwa akimpepea Sikudhani kwa kawa. Hakuacha kupepea. "Nilisema nzuri. Nikasema na inatisha pia. Nilisema yote mawili."

*

Ukumbi wa sinema ulikuwa mtupu. Viti vilikwisha kung'olewa zamani ili watazamaji wasilegee. Palibaki alama zake sakafuni, safu kwa safu, kama makaburi ya watoto. Bi Mashavu alisimama katikati. Pembeni ya pazia jeupe, ambalo alilitambua kuwa ni la kufua kwake, alisimama Machano, mkalimani wa filamu, mtu mrefu mkavu, kipaza sauti mkononi. Filamu ilikuwa ya lugha ya watu wa mbali, na Machano ndiye aliyeigeuza yote kwa Kiswahili: akawa msichana, akawa mama, akawa padri, akawa pepo. Taa zikazimwa.

Nyumba ya mawe, katika nchi ya baridi. Watu wanapumua moshi. Msichana mmoja, pengine kijakazi, pengine mtoto wa nyumbani, haikuelezwa vizuri, anapiga deki ngazi ndefu isiyokwisha. Anafika chini, anatazama juu, ngazi chafu. Anaanza tena. Halafu anaweka ndoo chini, anaingia chumbani, anajilaza, na hainuki tena. Wanamwita, hainuki. Wanamvuta, kitanda kinakuja naye. Kivuli chake kinatoka chini ya shuka, kinachukua ndoo, kinaendelea kupiga deki peke yake, na hapo mama mtu anapiga ukelele kwa sauti ya Machano. Mishumaa ya nyumba ile inayeyuka kwenda juu. Kila mlango, hata wa jikoni, ukiufungua unaingilia chumba kilekile chenye kitanda. Anaitwa padri mzee. Anakuja na maji na kitabu na kengele, anamwinamia msichana, anamkemea aliyemo ndani yake: "Taja jina lako! Taja jina lako!"

Bi Mashavu alingoja kuogopa. Kwa kweli alikuwa na hamu ya kuogopa, maana mtu aliyeogopa husahau mengine yote, na kusahau kwake yeye kungekuwa sawa na maji baridi. Hofu haikuja. Kilichomjia kwanza ni wivu. Tazama godoro lile, alijiambia. Tazama lilivyonona. Alivyonyoosha miguu. Mimi mara ya mwisho kunyoosha miguu nilikuwa nani? Nilikuwa nimeshazaa? Au nilikuwa bado tumboni mwa mama, naye amesimama anatwanga, mimi ndani nimejikunja nangoja zamu yangu ya kutwanga? Msichana akataja jina, na sauti iliyotoka ni ya pepo, na hapo Bi Mashavu akamtazama Machano badala ya pazia. Machano alipokuwa padri mishipa ya shingo ilimsimama. Alipokuwa mama alilia kwa shida, akitafuta machozi mahali yalipokwisha. Lakini alipokuwa pepo mabega yake yalishuka, na sauti ilimtoka kwa urahisi, kama maji yanavyotoka kwenye mtungi uliolazwa ubavu. Katika sauti zote alizozitumikia, hiyo ndiyo pekee ambayo haikumchosha.

"Toka!" padri akapaza sauti. "Toka katika nyumba hii!"

Atoke aende wapi, Bi Mashavu alijiuliza, na baridi yote ile?

Na nani aliyemo, na nani mwenye nyumba? Swali hili lilimjia bila kuitwa, likakaa. Tangu alipofahamu dunia amekuwa akiamini kwamba mtu ni nyumba, na ndani yake anakaa mwenyewe, na pepo ni mgeni anayeingia kwa dirishani. Lakini yeye, Mashavu, alikuwa amekaa ndani ya Mashavu lini hasa? Asubuhi huamshwa na kipaza sauti. Mikono huenda kwenye beseni kabla hajaiamuru. Mdomo husema "sijambo" kabla haujajua kama hajambo. Ukiondoa yaliyoingizwa na Jumba ndani yake, kuanzia namna ya kuamka mpaka namna ya kutabasamu, atabaki nani wa kumfukuza mgeni? Pengine kijumba chake kilipangishwa zamani bila yeye kuulizwa, na mpangaji ndiye anayejiita mwenyewe, na mwenye nyumba ndiye anayeitwa pepo. Alitaka kulifikiri jambo hilo mpaka mwisho, lakini kichwa kilimwuma, na kwenye pazia mama wa yule msichana aligeuka akamtazama, na kwa kitambo kidogo uso ule ulikuwa uso wake, wa Bi Mashavu, na mikono imelowa. Akapepesa macho. Uso ukarudi kuwa wa mtu wa mbali.

Padri alipambana mpaka akaanguka. Alikufa ameegemea ukuta, kengele ingali mkononi. Upepo ukatoka dirishani. Mishumaa ikarudi kuyeyuka kama mishumaa. Na msichana, jasho halijamkauka, akainuka, akatandika kitanda, akaichukua ndoo kutoka kwa kivuli chake, akashuka ngazi akitabasamu. Mama yake akamtazama kwa furaha. Mwisho.

Taa zikawashwa. Machano alikuwa ameinamisha kichwa, kipaza sauti kinaning'inia. Hakumtazama Bi Mashavu. Alikuwa amekwisha kuitafsiri filamu ile kwa wazazi wengi.

*

Mtumishi wa Jumba aliyekuja kuchukua maoni aliitwa Bwana Ngwali. Alikuwa kijana bado, amenyolewa vizuri, viatu vyake vyeusi vinang'aa, lakini chini ya macho palikuwa na vifuko kama vya mzee.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeionaje?"

"Nimeiona."

"Watu husema nzuri. Wengine husema inatisha lakini nzuri. Zote mbili zinakubaliwa."

"Na nikisema si nzuri?"

Bwana Ngwali akacheka kidogo, kisha akaona kwamba mwenziwe hacheki. "Hajapata kusema mtu."

Bi Mashavu alikuwa na neno moja tu la kusema, na alilijua, na lilikuwa jepesi. Nzuri. Angelisema wangemchukua Sikudhani leo hii, wangemrudisha kabla nguo hazijakauka, na asubuhi angepanda tena kwenye vipaza sauti na sauti yake nzuri. Asingekesha tena akimgeuza ubavu. Asingemlisha uji kwa kijiko, tone kwa tone, akiufuta unaomwagika. Angepumua. Amechoka mno kupigana na mtu, hata na Bwana Ngwali mwenye vifuko chini ya macho. Sema, Mashavu. Nzuri. Herufi chache. Umeshasema makubwa zaidi ya hayo bila kuyaamini. Ulimi wake uligusa meno tayari kusema, na hapo ndipo alipoona kwamba amechoka kiasi kwamba hata uwongo umekuwa mzito kuubeba. Ukweli ulikuwa karibu zaidi. Ulikuwa chini, mguuni kwake, hauhitaji kunyanyuliwa.

"Mimi sikuogopa," alisema. "Nilihuzunika. Yule mzee alimwuliza pepo jina lake. Akauliza, akauliza, akapiga kelele. Nikasema sawa, akishalipata jina atauliza na swali la pili. Maana mama yangu alikuwa fundi wa ngoma za pepo, Bwana Ngwali, zama zile siku zikiwa na majina. Mtu akipandwa alikalishwa kwenye kigoda, akafukiziwa ubani, akaambiwa: karibu, wewe nani? Na hapohapo: unataka nini? Pepo ana haja yake. Huyu anataka marashi. Huyu anataka kitambaa chekundu. Mwengine anataka achezewe ngoma tu, watu wajue yupo. Akipewa anatulia, na mtu anainuka, wanaishi wote wawili. Sasa huyu mzee wenu alipolipata jina alilishika kama fimbo, akampigia. Filamu nzima, mishumaa, maji, makelele, mtu mzima anakufa, na hakuna aliyemwuliza pepo anataka nini."

"Hiyo ni filamu tu, Bi Mashavu."

"Mbona mtampunga mwanangu kwelikweli?"

Bwana Ngwali alitazama mlangoni, akarudi kumtazama. Alishusha sauti. "Lakini mwishowe msichana amepona. Hilo umeliona."

"Nimeliona. Amepona, akatandika kitanda. Hata maji ya kunywa hakupewa! Hakuna aliyemwambia kaa, mwanangu, unywe uji. Kapewa ndoo." Akatafuta namna ya kulisema lililobaki. "Mimi naona hivi. Katika nyumba yote ile, aliyemwonea huruma yule mtoto ni pepo. Ndiye peke yake aliyemwambia alale."

Machano, kule pembeni, aliinua kichwa.

"Hayo siwezi kuyapeleka Jumba," Bwana Ngwali alisema.

"Usiyapeleke. Umeniuliza, nimekujibu."

"Bi Mashavu, mimi nakuomba kama mama yangu. Sema nzuri. Mtoto atapungwa, atarudi kazini, na wewe utapata..." Akalitafuta neno. Midomo yake ililizunguka kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa kupumzika, na mtumishi wa Jumba hakuwa nalo. "Utapata nafuu," alisema mwishowe.

"Si nzuri," alisema Bi Mashavu. "Hayo ndiyo maoni yangu."

Bwana Ngwali akafumba macho, akayafumba muda mrefu kuliko anavyofumba mtu aliye kazini. Alipoyafumbua alizungumza kama anayesoma. "Mzazi anayeikataa filamu huhesabiwa naye amepandwa. Nitakuja na wapungaji. Mtapungwa wote wawili, Bi Mashavu. Wewe na binti yako."

*

Alirudi kwa miguu. Njia ilikuwa ileile, lakini mara mbili alipita mbele ya mlango wake bila kuutambua, na mara ya tatu aliutambua kwa kuwa Bi Kidawa alikuwa amesimama kizingitini.

"Umesemaje?"

"Nimesema si nzuri."

"Ewe Mola wangu!" Bi Kidawa alijishika kichwa. "Mashavu, una wazimu? Watakuja hapa. Watatukuta wote." Akachukua kanga yake, akajitanda, akatoka mpaka barazani. Hapo akasimama. Bi Mashavu aliuona mgongo wake ukipanda na kushuka. "Nilikuwa naweza kusema hivyo?" Bi Kidawa aliuliza, ameelekea barabarani. "Siku ile. Nilikuwa naweza?"

"Sijui, shoga. Mimi mwenyewe sikujua kama naweza."

Bi Kidawa akarudi ndani, akakaa pembeni ya ukuta, kanga mdomoni.

Bi Mashavu hakuwa na ubani wala kigoda. Alikuwa na harufu ya sabuni tu iliyomganda mwilini. Akaketi chini, sakafuni, kando ya kitanda cha kamba, akaushika mkono wa binti yake.

"Tumechoka," ikasema sauti ile.

Ilikuwa imemwambia hivyo mara nyingi, na kila mara alikuwa akijibu: nyamaza, mwanangu, watu watasikia. Safari hii alisema, "Karibu. Wewe nani?"

"Tumechoka."

"Nimesikia. Mnataka nini?"

Macho ya Sikudhani yalibaki wazi, yakitazama dari, na kifua chake kikawa kinapanda taratibu.

"Hatujui," ikasema sauti. "Hatujapata kuulizwa."

"Basi fikirini. Mimi nipo."

Akangoja. Nje mikokoteni ilipita. Mtu alipiga nyundo mahali, akapiga, akapiga. Bi Mashavu aliogopa sasa, woga aliokuwa ameutaka ukumbini na kuukosa. Aliogopa kwamba haja yao itakuwa kubwa asiweze kuitimiza. Akasema haraka, kabla hawajataja, "Kama ni mahali pa kukaa, pandeni kwangu. Mwacheni mtoto. Mimi ni mtu mzima, nimezoea kubeba."

"Kwako tumo," ikasema sauti, na haikuwa na ukali. "Kwako tumo zamani. Huyu ni mlango tu, aliachia. Wewe umetushindilia chini, unatukalia. Tunakusikia unavyochoka na wewe unatusikia tunavyochoka. Tunataka useme. Kwa mdomo wako."

Bi Mashavu akatazama mikono yake. Kucha zilikuwa zimeliwa na sabuni, vidole vimejikunja vyenyewe, kama bado vinakamua. Alifungua mdomo. Neno lilikuwa dogo, kila mtoto analijua, lakini lilimpanda kwa shida kutoka mahali pa mbali sana, likipita juu ya mumewe aliyezikwa bila kukaliwa matanga, juu ya watoto aliowanyonyesha amesimama, juu ya kila sijambo aliyowahi kuisema.

"Nimechoka," alisema.

Hakuna kilichotokea. Mishumaa haikuyeyuka kwenda juu, wala upepo haukutoka dirishani. Mabega yake tu yaliteremka, na akalia, si kwa uchungu, kama vile mtu anavyotoa maji sikioni baada ya kuoga. Na Bi Kidawa pembeni ya ukuta alilisema pia, ndani ya kanga, mara moja tu. Bi Mashavu alipomtazama binti yake aliona amefumba macho. Sikudhani alikuwa amelala, anakoroma kidogo, mdomo wazi.

*

Wapungaji walifika jua likiwa utosini. Alikuja Bwana Ngwali mbele, ana kengele. Nyuma yake alikuja mzee mmoja mfupi amebeba karai la maji, na nyuma ya mzee, ana mzigo wa kamba begani, anatabasamu, alikuja Faki.

"Shikamoo, mama," Faki alimwambia Bi Mashavu. "Shikamoo, mama," alimwambia mama yake mzazi.

Bi Kidawa aliitoa kanga mdomoni. Akamtazama mwanawe.

Bwana Ngwali alisimama katikati ya ukumbi, akainua kengele, akaipiga. "Taja jina lako!" akapaza sauti. Sauti ilimkatika katikati. Akakohoa, akaanza tena. "Taja jina lako! Toka katika nyumba hii!"

Sikudhani akageuka ubavu, akaendelea kulala. Bi Mashavu hakuinuka sakafuni. Miguu ilikuwa imekwisha kufa ganzi, na hakuona sababu ya kuiamsha. Alimtazama yule kijana kutoka chini.

"Na wewe, Bwana Ngwali," alimwuliza, "unataka nini?"

"Toka," alisema Bwana Ngwali, lakini alilisema polepole.

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Unataka nini?"

Kengele ilishuka mpaka ikagota pajani. Yule mzee wa karai aliacha kutembea. Bwana Ngwali alitazama dari, akatazama mlango, akatazama miguu yake, na uso wake ukafanya kama uso wa mtoto anayejizuia mbele za watu.

"Nataka kuvua viatu," alisema.

"Vivue."

Akakaa chini palepale, akavivua. Miguu yake ilikuwa imevimba, soksi zimeshikana na ngozi. Alizibandua moja moja huku akigugumia, akaiweka miguu mitupu juu ya sakafu ya baridi, akasema, "Aah." Hakusema jingine. Akajilaza ubavu, mkono chini ya kichwa, na usingizi ukamchukua kabla hajapanga miguu. Yule mzee wa karai aliyatazama hayo yote. Hakungoja kuulizwa. Akatua karai, akanawa uso kwa maji ya kupungia, akajinyoosha kando ya ukuta.

Akabaki Faki, amesimama mlangoni na kamba zake, anatabasamu.

Bi Kidawa aliinuka. Alimwendea mpaka pumzi zao zikakutana. "Faki," alisema. "Baba. Unataka nini?"

"Niko tayari, mama," alisema Faki.

"Siulizi hilo. Unataka nini? Umechoka?"

"Niko tayari."

Alimwuliza tena, na tena, kwa sauti ya upole, kisha kwa sauti ya kuomba, na kila mara alijibiwa vilevile, na tabasamu halikupungua wala kuzidi. Ndani yake hapakuwa na aliyebaki wa kuulizwa. Bi Mashavu aligeuza uso, maana kulikuwa na jambo katika kusimama kule kwa mama na mwana ambalo halikustahili kutazamwa na mtu mwingine. Mwishowe Bi Kidawa akaziondoa kamba begani mwa mwanawe, akaziweka chini, akamshika mkono, akamketisha kizingitini, naye akaketi ubavuni mwake. Kijana akakaa kama alivyowekwa, mgongo umenyooka, anatazama mbele. Bi Kidawa akaegemeza kichwa chake begani kwake. Hivyo ndivyo walivyokaa.

Jua likasogea. Kule kilimani hapakuwa na aliyejua bado, lakini watajua. Watakosekana watu watatu na mapazia hayatapanda, na Jumba litatuma wengine, wenye kengele kubwa zaidi, na miguu yao pia itakuwa imevimba ndani ya viatu. Bi Mashavu aliyajua hayo. Aliyapitisha kichwani polepole, kama mtu anayehesabu nguo za mwenziwe, akayaacha yaende.

Sikudhani akaamka. Alikaa kitandani, akakuna kichwa, akautazama ukumbi: mzee asiyemjua anakoroma chini ya dirisha, mtumishi wa Jumba amelala miguu mitupu, Bi Kidawa na Faki mlangoni, mama yake sakafuni ameegemea mguu wa kitanda.

"Mama," alisema, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya kukwaruza kwa kukaa kimya, mbaya kidogo, si ile ya kwenye vipaza sauti. "Hawa watu wote wakiamka tutawalisha nini?"

Aliinama kumtazama mama yake usoni, akakuta amelala ameketi, kichwa kimelalia kamba za kitanda, viganja viko wazi mapajani. Sikudhani akateremka kitandani, akavuka miguu ya Bwana Ngwali kwa kunyata, akaenda jikoni kutazama kama mchele ulikuwepo.